Kuku Aliyewekwa Chini ya Cherehani

Fundi cherehani mmoja, ambaye watu walimwita Mama Pindo kwa kuwa hakuna aliyemshinda kukunja pindo la suruali, alikuwa na kuku wanne nyuma ya nyumba. Walikuwa wamezoeana miaka mitatu. Mkubwa wao, mwekundu na mnene, mume wa Mama Pindo alimpachika jina la Mwenyekiti, maana hakuna aliyedonoa punje kabla yake.

Siku moja mdogo wake Mama Pindo alihamia ghorofani, mahali ambapo hata paka huombewa ruhusa. Akamletea dada yake matembe watano, kuku wachanga ambao hawajaanza kutaga, ndani ya boksi la televisheni. Mama Pindo akawaachia bandani moja kwa moja, akarudi kwenye mashine yake. Kwake, kuku ni kuku.

Hajamaliza kutunga uzi, akasikia vurumai. Alipofika, matembe wanne walikuwa wamejibana kwenye kona, na wa tano anatoka damu kwenye kilemba, ile nyama nyekundu ya kichwani. Mwenyekiti amesimama katikati, kifua mbele.

Mumewe, dereva mstaafu wa lori, alitoka na kikombe cha chai mkononi.

"Nilidhani mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Mwenyeji huyu anataka mgeni augue."

Jirani yao mkunga, aliyefuga kuku tangu utotoni, akaitwa kumtazama majeruhi. Alimpaka dawa, kisha akamwambia Mama Pindo kwamba kuku hawachanganywi tu kama unga na maji. Kwanza waonane bila kugusana, wiki mbili. Mama Pindo akachukua mifuko ya vitunguu, ile ya wavu, akaiunga kwa mshono wa mistari miwili, akaitundika katikati ya banda. Mumewe akalalamika kwamba yeye hajawahi kushonewa nguo imara namna ile.

Wiki mbili zikapita. Pazia likatolewa, mabeseni ya chakula yakawekwa mawili, mbalimbali. Wenyeji watatu waliwadonoa wageni kidogo, wakachoka. Mwenyekiti hakuchoka. Alikula beseni la kwanza, akakimbilia la pili, na katikati ya safari akapata muda wa kumfukuza mtu. Matembe wakaanza kukonda.

Mkunga akashauri atolewe anayeonea, siyo wanaoonewa. Basi Mama Pindo akamtia Mwenyekiti kwenye tenga, akamweka chini ya meza ya cherehani kwa siku nne. Mwalimu mmoja aliyekuja kupimwa gauni alikuwa amesimama wima, futi kamba kiunoni, mara akasikia mguno miguuni pake. Akachungulia.

"Na huyu naye anapimwa?" akauliza kwa adabu.

"Huyu amesimamishwa kazi," Mama Pindo akajibu, pini mdomoni.

Siku ya tano akamrudisha bandani, akingojea ama vita ama aibu. Kumbe kiti kimeshakaliwa. Kuku mweusi, mdogo kuliko wenyeji wote, aliyekula makombo miaka mitatu bila neno, ndiye aliyekuwa kwenye beseni la kwanza. Mwenyekiti akasogea kama alivyozoea. Mweusi akamdonoa kichwani, mara moja tu, akaendelea kula.

Mwenyekiti akajitenga ukutani. Mama Pindo, aliyemtoa kwa mkono wake mwenyewe, akajikuta ameingiwa na huruma. Alivuta kigoda akakaa karibu naye mchana mzima, suruali za watu zikimngoja ndani, akimrushia punje za mahindi kwa siri. Mumewe aliona, akarudi ndani na kikombe chake cha chai.

Jioni njaa ikamshinda kuku mwekundu, akaenda beseni la pili. Matembe wakatawanyika, wakasubiri, kisha mmoja mmoja wakarudi. Hakuwagusa. Wakala wote pamoja, ubavu kwa ubavu, naye akila harakaharaka, jicho moja likimchunga yule mweusi.