Mume wangu anaificha slabu mbovu juu ya kichwa cha mama yake

Admin, nifichie jina, maana Mjini tunajuana.

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, mzaliwa wa Makunduchi, fundi sanifu wa majengo. Mama yangu alifariki nikiwa bado bibi harusi, na mama mkwe akanilea kama wa kumzaa. Nampenda sana.

Mume wangu, naye wa fani hiyohiyo, aliamua kumjengea mama yake ghorofa kwa slabu ya kisasa: mipira mitupu ya plastiki inapangwa katikati ya nondo kupunguza uzito, kisha linamiminwa zege laini linalojitandaza lenyewe. Zege hilo huinua mipira isipofungwa imara. Siku ya kumwaga, upande mmoja haukuwa umefungwa. Nikamsihi asubiri. Akasema jamaa wameshafika, dua imesomwa, pilau iko jikoni, atawaambia nini watu? Zege likamwagwa, mipira ikaibuka pale nilipoonyesha. Wakaikandamiza kwa mbao, wakalainisha juu.

Tangi la maji lilipopandishwa, slabu ikabonyea. Mlango wa chumba cha chini anacholala mama mkwe haufungiki tena na ufa darini unaonekana kwa macho. Nilimwomba tushushe tangi, tuweke nguzo za muda, tuite mtu wa kuipima. Alinijibu kuwa nataka kumuaibisha kwa sababu nami nimesoma. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mume wangu hasikii.

Nikakimbilia kwa mama mkwe, nikalia, nikamweleza yote. Alinifuta machozi kwa kanga yake, kisha akaniambia taratibu, "Mwanangu, we nnakupenda, lakini yule nimemzaa. Usinambie tena kama mwanangu kanijengea kaburi."

Sijawahi kuumia vile. Siku ile nilifiwa na mama mara ya pili.

Sasa wifi yangu anaolewa wiki ijayo na ngoma ya wanawake itachezwa juu ya slabu ile. Mume wangu ameapa kwamba nikienda kwa wakaguzi wa majengo, talaka yangu iko mdomoni mwake. Mama mkwe hataki hata kuhama chumba. Analala chini ya ule ufa na kila asubuhi ananiuliza kama nimekula.

Ndugu zangu, nipeni ushauri, nifanye nini? Nikisema, mama huyu hatanisamehe. Nikinyamaza, huenda asiwepo wa kunisamehe.