Nati ya Nne

Harufu ya mafuta ya taa yaliyochanganyika na grisi kuukuu hunishika popote nilipo. Juzi nilikuwa napita nyuma ya gereji moja, fundi akiosha vyuma ndani ya karai, na miguu yangu ikasimama yenyewe. Wapita njia walinitazama wakidhani nimeangusha kitu. Kumbe mimi nilikuwa nimesharudi kwetu, kilimani nje ya Kenyenya, mwanzoni mwa miaka ya sabini, msichana wa miaka kumi niliyelala chali chini ya pikapu ya baba yangu, tena siku ya Sabato.

Baba tulimwita Tata, kama watoto wote wa Kigusii. Alikuwa akibeba ndizi za watu kutoka vilima vya kwetu na Nyamarambe na kuzipeleka Kisii mjini. Gari lake lilikuwa la kijani, na mlango mmoja ulifungwa kwa kamba ya katani. Ndani lilinukia ndizi mbivu hata lilipokuwa tupu. Jioni, likipanda mlima wa kuja nyumbani, injini ilikohoa mara mbili pale kwenye kona, ikanyamaza kidogo, kisha ikaanza kunguruma upya. Mama akisikia kikohozi hicho aliinuka, akateka maji ya ugali wa wimbi na kuyaweka jikoni. Gari lilipofika uani, maji yalikuwa yanachemka. Nilikuwa nadhani wake wote duniani wanapika kwa kusikiliza injini.

Kisha Tata akaugua. Siku aliyochukuliwa kwenda hospitali, kwa gari la jirani kwa sababu hakuwa na nguvu za kushika usukani, alisimama uani, akaweka kiganja juu ya boneti, akaniambia, "Kerubo, nichungie gari. Nikirudi nitaliwasha."

Hakurudi kuliwasha. Tulimzika kando ya migomba, na nilitupa udongo kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo msidhani sikuelewa kifo. Nilielewa. Lakini nilikuwa nimepewa neno, na neno la Tata halikuwa limewahi kuvunjika. Mle kichwani mwangu nilijipangia hivi: maadamu gari ni zima na injini imo ndani, bado kuna kitu cha yeye kukirudia.

Basi nikalichunga. Mwaka mzima nilifukuza kuku waliotaka kutaga kwenye kiti chake. Kila jioni nilikaa nyuma ya usukani, nikakohoa mara mbili, nikanyamaza, nikanguruma. Mama alinisikia akiwa jikoni na hakuwahi kunikataza.

Kumbe naye alikuwa na mawazo yake. Kinu cha kusagia wimbi kilikuwa mbali nasi, mwendo wa asubuhi nzima kwenda na kurudi, na wanawake wa kilima chetu walishinda njiani na magunia vichwani au wakasaga kwenye jiwe mpaka magoti yakachubuka. Sasa Mama alikuwa mjane mwenye watoto wawili, mimi na mdogo wangu Nyamweya. Siku moja alitangaza, huku anamenya ndizi, kwamba injini ya Tata itatolewa ndani ya gari na kuendesha kinu hapo hapo nyumbani. Nililia mpaka nikapata kwikwi. Mama hakubishana nami. Alisema tu, "Gari lililolala halilishi mtu."

Fundi Ondieki alikuja siku ya Ijumaa. Alikuwa mzee wa kanisa letu la Wasabato, mtu wa maneno mengi, aliyejifunza ufundi kwa Wahindi mjini na ambaye hakuruhusu mtu asahau jambo hilo. Alifungua kila kitu: mabomba, nyaya, redieta, na mwisho nati nne zilizokuwa zimeishikilia injini kwenye chesisi. Zote alizitia ndani ya kopo lenye mafuta ya taa, akafunika kwa jani la mgomba. Jua likaanza kuingia nyuma ya mlima, na kwetu jua la Ijumaa likizama hata jembe hulala. Fundi akanawa mikono. "Imekaa tu hapo kama yai kwenye kiota," akamwambia Mama. "Jumapili ni kuinua." Gari aliliacha wazi hivyo hivyo, maana nani angegusa spana siku ya Sabato?

Asubuhi ya Sabato tumbo langu liliuma. Liliuma vizuri sana, kwa kilio na kujikunja, na Mama akaniacha kitandani. Yeye na Nyamweya walipotoweka njiani kuelekea kanisani, nilikwenda kulichukua lile kopo.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi siku ile niliinama kwelikweli. Nilijisukuma kwa mgongo chini ya gari, magamba ya kutu yakinidondokea machoni, mafuta ya taa yakinitiririka hadi kwapani. Nilirudisha nati ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuzikaza kwa spana ya Tata mpaka viganja vikawaka moto. Nati ya nne ilikaa mahali pabaya, juu karibu na chuma cha usukani. Nilijinyoosha mpaka bega likalia, mkono haukufika. Nikairudisha koponi, nikafunika kwa jani, nikajipangusa kwa majivu na kurudi kitandani. Chini ya kucha zangu weusi ulibaki.

Mchana walirudi, tukala. Mama alinitazama tumbo, akanitazama mikono, akasema kwa kuwa nimepona niende na Nyamweya kwenye ibada ya jioni, bibi yetu atatupeleka. Yeye angebaki, kichwa kinamwuma. Nilishangaa kidogo, maana Mama hakuwa mtu wa kukosa ibada. Lakini mwongo hana muda wa kuchunguza maradhi ya wenzake, basi nikaenda.

Jumapili uwanja ulijaa. Mama alikuwa ameita egesangio lake, wale wanawake waliolimiana mashamba kwa zamu, na zamu hii, badala ya kulima, walikuja kuvuta. Wasabato walifika mapema, tukawangoja Wakatoliki watoke misa. Kwetu ukitaka majirani wote pamoja wiki ilikuwa na siku tano tu. Fundi alikuwa amesimamisha miti mitatu ya mkaratusi juu ya gari, akaifunga vichwa pamoja na kuning'iniza kapi, kile kigurudumu cha chuma cha kupitishia kamba. Wanawake kumi na wawili wakashika kamba, Mama akiwa wa kwanza. Kopo hakuna aliyelitazama. Mtu akaanzisha wimbo wa kulimia, wengine wakaitikia, na Fundi akapunga kofia.

Wakavuta. Kamba ikalia. Injini haikutoka. Badala yake gari zima likainua pua taratibu, magurudumu ya mbele yakaachana na ardhi, na pikapu ya Tata ikasimama kwa miguu ya nyuma kama mbuzi anayechuma majani.

"Yaye! Limefufuka!" akapiga kelele Moraa, jirani yetu, na nusu ya wanawake wakaachia kamba kwa kicheko na nusu kwa hofu. Gari likaanguka kwa kishindo, kuku wakatawanyika. Mimi nilikuwa nimesimama na mikono mdomoni, na kwa ule muda mfupi ambao magurudumu yalikuwa hewani, naungama, nilidhani kweli anakuja.

Fundi alipiga magoti, akaingiza kichwa chini ya gari. Alipokitoa aliutazama mkono wake wa kulia. "Nati zote zimo," akasema. "Mama Kerubo, naapa nilizitoa kwa mkono huu." Kisha macho yake yakatua kwenye kucha zangu, na ya wengine yakafuata.

Nilingoja kofi. Mama aliwaambia wageni waende wakanywe uji kwanza. Walipoondoka alichukua spana akanipa, akakunja gauni lake la heshima na kulala chini kando yangu. Tukaingia mvunguni pamoja, mabega yakigusana.

"Fungua," akasema.

Nilifungua ya kwanza nikilia. Nilifungua ya pili. Ya tatu ilipotoka nilisema, "Zimekwisha, Mama."

"Bado moja."

Kweli, ile ya nne ilikuwepo, mahali pale pale ambapo mkono wangu haukufika. Mama alininyang'anya spana taratibu. Nati ilikuwa imekazwa sana; alivuta kwa mikono yote miwili, akiwa amefumba macho, mpaka ikalia na kulegea. Hakutoka mara moja. Alilala pale ameikumbatia kifuani, machozi yakimtiririka kuelekea masikioni, akaniambia ni mafuta yamemwingia machoni. Niliamini. Fundi aliporudi alinisifu kwa uchungu kwamba huyu mtoto ana mikono ya chuma, nami nikaipokea hata sifa ya ile nati ya nne, bila kuthubutu kuuliza nani aliifunga.

Mchana injini ikatoka. Baada ya wiki chache ilikuwa kwenye kibanda chake, imefungwa mkanda kwenye kinu, na foleni ya wanawake wenye wimbi ikafika hadi kwenye migomba. Kila ilipowashwa ilikohoa mara mbili, ikanyamaza, ikanguruma. Nilimchukia Mama kwa muda kwa sababu ya sauti ile. Sikutambua kwamba kila jioni, kinu kilipokwisha kusaga na watu kuondoka, yeye aliiacha injini ikinguruma peke yake kidogo, ndipo akaenda kuweka maji ya ugali jikoni.

Miaka mingi baadaye, kinu kimenyamaza na mimi ni mama wa watoto wakubwa, nilikuwa nimekaa naye jikoni akimenya ndizi. Ghafla nikamwuliza, "Mama, ile nati ya nne?"

Hakuinua macho. "Siku hizo nilikuwa na mikono yenye nguvu," akasema, kisha akaniagiza maji.

Nilikwenda kuyateka, na ilinibidi nisimame huko nje kwa muda. Ninamwona sasa, Sabato ile mchana, kichwa hakimwumi hata kidogo, akitambaa kwa mgongo chini ya gari la mumewe. Alizikuta nati zangu tatu zimeshafungwa. Angeweza kuzifungua, na kesho yake pasingekuwa na aibu yoyote. Hakuzifungua. Alitafuta ile iliyobaki koponi, akaongeza yake.