Achari ya Bibi Jasumati

Kwa miaka arobaini, Bibi Jasumati wa Ahmedabad alitengeneza achari ya embe kila kiangazi, na majirani waliisubiri. Alikuna maembe mabichi, akayachanganya na sukari, akayatia katika mtungi wa kioo, kisha akauacha dirishani siku kumi ili jua liyapike.

Mwaka huu mwanawe aliniita mimi, fundi wa mapazia, niweke mapazia yanayojiendesha, nyumba isipate joto. Nilipima kila dirisha, nikayapanga mapazia yajifunge mara jua linapogusa kioo.

Niliporudi kukagua baada ya wiki mbili, nilimkuta bibi akimwaga achari iliyoota ukungu.

“Mkono wangu umezeeka, mwanangu,” alisema. “Nimeshawaambia majirani wasinitegemee tena.”

“Uliianika wapi, bibi?”

“Hapo hapo dirishani! Pazia lilikuwa likijifunga, nikasema joto litapenya tu. Fundi aliyesoma hawezi kukosea.”

Aibu ilinishika. Ningenyamaza, asingejua mtu, naye angeacha kazi yake akiamini ameishiwa ustadi.

“Mkono wako hauna kosa, bibi. Mimi ndiye niliyelizuia jua.”

Alinitazama. “Na futi yako yote ile, kupima huku, kupima kule, mtungi hukuuona?”

“Niliuona. Niliusogeza kando ili nipime vizuri.”

“Hukuuliza ni wa nini?”

“Sikuuliza.”

Hakunigombeza. Alinikabidhi mtungi nikauoshe, nami nilishukuru kupata kazi ya kuinamia, kwa kuwa sikuweza kumtazama usoni.