Sahani Mia Sita, Mabeseni Mawili

Mama Povu alipewa jina hilo na wenzake wa kantini kwa sababu mbili. Ya kwanza, mikono yake ilikuwa haitoki kwenye maji ya sabuni. Ya pili, akiudhiwa alisema, na akishaanza kusema, anayetaka kumnyamazisha alijitafutia balaa.

Kantini yenyewe ilikuwa ndani ya hospitali kubwa. Walikula humo wauguzi, madaktari, wafagizi, na ndugu waliokuja kuwatazama wagonjwa wao. Kwa mlo wa mchana peke yake zilitoka sahani mia sita. Kwa miaka kumi Mama Povu aliziosha pamoja na shoga yake, mwanamke mrefu waliyemwita Twiga, katika chumba kilichokuwa nyuma ya jiko. Kilikuwa na sinki tatu ndefu, bomba la maji ya moto, na sakafu ya saruji iliyoinama kidogo ili maji machafu yakimbilie kwenye tundu lililokuwa katikati. Mmoja anasugua, mwingine anasuuza, na huku wanasengenya dunia nzima. Ikifika saa tisa sahani za chuma zimesimama kwenye rafu, zimekauka, na ukitaka kujiangalia uso unajiona.

Kisha akaja meneja mpya wa kantini, bwana mmoja wa tai na maneno laini. Jumatatu moja akaingiza maboksi ya sahani nyeupe nyepesi za kutupa, na vijiko vya plastiki, na vikombe vya karatasi.

"Mambo ya kuoshaosha yamepitwa na wakati, mama zangu," akasema. "Mtu anakula, anatupa, kwisha habari."

Sahani za chuma zikafungiwa stoo. Twiga akaambiwa asante sana, arudi kwao. Mama Povu akakabidhiwa ufagio. Sinki ziling'olewa, kuta zikapakwa rangi ya maziwa, likatandikwa zulia la buluu, na meneja akahamishia humo meza yake na kiti chake cha kuzunguka.

Mama Povu alimeza hasira. Kwa miaka minne alikokota mifuko ya taka, mikubwa kumpita yeye, kutoka mlangoni mwa kantini hadi kwenye jalala la hospitali. Mingine ilipasuka njiani. Vipande vyeupe vikapeperuka, vikaingia kwenye mtaro, naye akasema, mara ya kwanza, ya pili na ya kumi: "Bosi, huu mtaro utatuaibisha." Meneja alikuwa akitabasamu tu, na kumwambia afagie vizuri.

Mvua kubwa ilipokuja, mtaro uliziba. Maji yalirudi nyuma, yakaingia katika chumba cha kufulia mashuka ya wodi ya wazazi, yakafika magotini. Ni Mama Povu aliyelala kifudifudi kwenye tope, mkono ukiwa ndani ya bomba la mtaro hadi begani, akivuta sahani nyeupe moja baada ya nyingine zilizonuka mchuzi uliooza. Mkurugenzi wa hospitali, mama mmoja mfupi asiyependa porojo, alisimama pale na mwavuli akahesabu kwa macho yake. Kesho yake likatoka tangazo: ndani ya mwezi mmoja, vyombo vya kutupa marufuku kantini. Sahani za chuma zirudi.

Siku hiyo Mama Povu alifika nyumbani anaimba. Mumewe, fundi viatu aliyefanyia kazi barazani kwao, aliacha sindano hewani.

"Kulikoni? Umeokota nini?"

"Nimerudishiwa kazi yangu."

Lakini asubuhi ya kuanza, alipokwenda moja kwa moja kwenye kile chumba, meneja alimzuia mlangoni.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kuosha vyombo."

"Sehemu yako iko nje. Nimeshakuandalia."

Sehemu yenyewe ilikuwa bomba la bustani, hatua chache kutoka jalalani. Chini yake pamewekwa mabeseni mawili ya plastiki, la kijani na jekundu, na kipande cha sabuni. Maji baridi. Jua la utosi. Nzi. Na mtu mmoja, yeye.

"Bosi, sahani mia sita kwa mabeseni haya?"

"Si ndiyo kazi uliyoililia? Basi ifanye."

Mama Povu aliinama akaosha. Siku ya kwanza alimaliza magharibi, mgongo haunyooki. Siku ya pili aliomba maji ya moto kutoka jikoni; mpishi mkuu, mzee wa heshima zake, alimpa sufuria moja kwa siri na kumwambia, "Binti yangu, nimekatazwa." Nusu ya sahani zilikwenda kwenye foleni zikiwa bado zina maji. Siku ya tatu muuguzi mmoja alipitisha kidole juu ya sahani yake, kikateleza kwa mafuta. Akairudisha kwenye dirisha la kugawia chakula.

"Hii ndiyo sahani ya kulia chakula hospitali? Hata mgonjwa wa macho angeona."

Meneja alikuwa amesimama karibu, kana kwamba aliisubiri saa hiyo. Akapiga makofi watu wamsikilize.

"Jamani, mnisamehe. Tumejaribu, mmeona wenyewe. Muoshaji wetu ameshindwa, umri nao umekwenda. Leo hii namwandikia mkurugenzi turudi kwenye zile za kutupa."

Ukumbi mzima ukamgeukia Mama Povu. Alikuwa mlangoni, aproni imelowa chapachapa, beseni kiunoni. Aliondoka bila kuaga.

Usiku ule hakula. Aliisugua sufuria ya nyumbani mpaka mumewe akamwambia, "Mke wangu, hiyo sufuria ina kesi gani na wewe?"

"Anajua," akasema. "Anajua fika kwamba haiwezekani. Anataka nishindwe ili asitoke kwenye kile chumba. Ameniita mzee mbele ya watu, ili yeye apate pa kuweka kiti cha kuzunguka!"

Mumewe alimsogezea kigoda akae.

Siku iliyofuata, watu walipomaliza kula, Mama Povu hakuzipeleka sahani bombani. Alijifunga kibwebwe, akabeba mrundo wa kwanza, akakatiza katikati ya foleni ya chai, akausukuma mlango wa meneja kwa bega na kuzitua sahani juu ya meza yake, mchuzi na yote.

"Wewe! Una wazimu?"

Mama Povu akarudi na mrundo wa pili, akautua kwenye kiti cha wageni. Wa tatu ukakaa sakafuni. Wa nne ukaegemea kabati la mafaili. Meneja anapiga kelele, anainua karatasi zake zisilowe, na mlangoni watu wameshajaa. Wengine wanacheka, wengine wanashika vichwa. Yule muuguzi wa jana alimtazama Mama Povu usoni, akaweka kikombe chake chini, akaanza naye kubeba. Baadaye wakawa sita, kisha sikuambii.

Mkurugenzi alipofika alikuta sahani zimepanda hadi dirishani.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," Mama Povu akasema. "Nimeleta vyombo chumba cha kuoshea vyombo."

"Hii ni ofisi, mheshimiwa," meneja akadakia. "Huyu mama hana nidhamu, mimi nimekuwa nikimvumilia—"

"Ofisi?" Sauti ya Mama Povu sasa ilitetemesha vioo. "Ofisi gani ina tundu la maji machafu katikati?" Akapiga magoti, akashika pembe ya lile zulia la buluu, akalivuta kwa nguvu zake zote, sahani tatu zikaanguka kwa kishindo. Pale chini, kwenye saruji, tundu lilikuwepo na kifuniko chake cha chuma. Ukutani, nyuma ya kabati, mabomba matatu yalikuwa yamezibwa kwa vizibo. "Nimefanya kazi humu miaka kumi! Hakuna aliyewahi kunirudishia sahani! Halafu unanipa beseni jalalani, maji baridi, unaniita mzee? Mzee ni nani? Umeniulizia lini umri wangu?"

Mkurugenzi alilitazama tundu, akamtazama meneja.

"Uliniandikia kwamba hakuna nafasi ya kuoshea."

Meneja akaanza kuzikusanya karatasi zake.

Chumba kilirudi. Sinki mpya zilifungwa wiki mbili baadaye, na maji ya moto. Meneja hakufukuzwa, alihamishiwa idara ya usafirishaji, na huko nako inasemekana amepata ofisi yenye dirisha zuri. Mama Povu naye hakuachwa hivihivi: aliandikiwa barua ya onyo kwa kuchafua mali ya hospitali. Aliisoma mara mbili, akauliza kama na meneja ameandikiwa yake. Karani aliyeileta akamwonyesha pa kutia sahihi. Basi akatia sahihi kwa kalamu aliyoikandamiza mpaka ikatoboa karatasi.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa Twiga. Alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Twiga kumwita, akiwa na hakika watarudi wawili. Twiga alimkaribisha, wakacheka, wakafutana machozi, kisha akatikisa kichwa.

"Shoga, mimi pale sirudi. Siku ile niliondoka na mfuko mmoja, na hakuna aliyefungua mdomo. Hata wewe."

Ilikuwa kweli.

Waliletwa wasaidizi wawili, mwanamume mmoja aliyewahi kuwa baharia na mjane wa makamo. Siku ya kwanza yule baharia alipanga sahani zikiwa zimelowa, moja juu ya nyingine, akafunika.

"Zitoe," Mama Povu akamwambia.

"Si zimeshaoshwa, dada?"

"Zitoe zote, uzisimamishe zikauke. Na mtu yeyote akija hapa kutuambia tufanye haraka kuliko maji yanavyochemka, usimjibu. Niite mimi."