Tumbusi Katika Banda la Kuku

Juzi nilipita kwenye bucha moja hapa Karatu mchana wa jua kali, umeme umekatika tangu usiku, na harufu iliyonipokea mlangoni ikanirudisha nyumbani kwetu nikiwa darasa la nne. Wenzangu waliziba pua. Mimi nilisimama nikiinusa kama mtu aliyekutana na ndugu yake, hadi muuzaji akaniuliza kama najisikia vizuri.

Ilikuwa harufu ya tumbusi. Kama hujawahi kuishi naye, nikwambie: tumbusi akiogopa hutapika, na alichokula kilikuwa kimeshaoza kabla hajakimeza. Mama yangu alikuwa bibi mifugo. Siku alipomleta yule ndege alikuwa amemviringisha kwenye kanga na kumvika soksi ya Baba kichwani, asione, atulie. Alitulia mpaka getini kwetu, kisha akamtapikia Mama mapajani. Baba, ambaye ni dereva wa watalii, hakuivaa tena ile soksi hata baada ya kuchemshwa.

Mama alikuwa amekwenda kuchanja ng'ombe Malambo, nyumbani kwao Baba. Huko alikuta mzoga wa ndama uliotiwa sumu, na tumbusi wamelala kuuzunguka, mabawa wazi, wamekufa. Mmoja tu alikuwa bado anapumua, bawa limevunjika kwa kuanguka kutoka mtini. Mama akaomba ruhusa kwa watu wa wanyamapori, akalifunga bawa, na kuku wetu wakahamia jikoni.

Tangu siku hiyo nyumba haikutulia. Mama alitwanga mifupa kwenye kinu cha karanga, maana tumbusi akilishwa nyama tupu mifupa yake hulegea. Mwaka ule hatukula mboga ya karanga, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Shuleni niliitwa mtoto wa tumbusi. Majirani walinong'ona kwamba tunafuga mkosi, basi Mama akawa anawaita Jumamosi waje wamwone, akiwaeleza kwamba bila ndege huyu mizoga ingetulalia mlangoni na magonjwa yake yote. Walimsikiliza kwa heshima, pua zimefunikwa.

Mimi nilikuwa mtoto nisiyejua kukaa, na mwalimu alisema nimekalia siafu. Kwa hiyo Mama alinipa kazi iliyonifaa. Bawa lilipounga tulirefusha banda kwa wavu na kusimika gogo kila upande. Nilikimbia na nyama upande huu, kisha ule, ili ndege avutike kuruka. Yeye alishuka chini akatembea, taratibu, kama bwana harusi.

"Asiporuka kabla ya mvua za vuli," Mama aliniambia, "nitamchoma sindano alale moja kwa moja. Tumbusi wa kutembea hapati chakula, na banda siyo maisha."

Nilianza kuyaogopa mawingu. Kila asubuhi nilitazama angani kabla ya kunawa uso, na lilipotokea wingu dogo upande wa kreta nilikimbilia bandani na nyama.

Aliyekuwa na wasiwasi kama mimi alikuwa mmoja tu, baba mkubwa, kaka yake Baba. Alikuja kutoka Malambo kila mnada, juu ya lori la mbuzi. Niliinamisha kichwa kumwamkia, akakigusa, na kabla sijainuka alikuwa ameshauliza, "Anakula?" Kisha akanipa kiroba chenye kichwa cha mbuzi, zawadi ya ndege.

"Karibu ukae, shemeji," Mama alimwambia kila mara. "Chai ipo."

"Nitakunywa siku nyingine."

Alisimama kwenye wavu akibadilisha mguu, mara huu, mara ule, fimbo mkononi. Mimi niliamini anaogopa kuachwa na lori. Nilimpenda sana kwa hilo. Hatimaye kulikuwa na mtu mzima katika ukoo wetu aliyekalia siafu.

Alasiri moja, vumbi la mwisho kabla ya mvua, nilikimbia na nyama nikakuta ndege ameshafika kwenye gogo kabla yangu. Nilidhani nimechanganya pande. Nikarudi nyuma, akanipita juu ya kichwa, upepo wa mabawa ukanifunga macho. Nililia kwa furaha mpaka kuku wakaja kutazama.

Mama aliamua tumrudishe Malambo, tumwachilie joshoni siku ya kuogesha ng'ombe, mbele ya wafugaji. Tulipofika alikataa kufungua boksi. Tumbusi hupandishwa na hewa ya moto, alisema, tungoje jua lipashe ardhi joto. Watu walianza kukereka, kwa kuwa ng'ombe walishaoga na malisho yalikuwa mbali.

Ndipo baba mkubwa akasogea mbele, akasema kwa Kimasai, maneno machache tu. Mimi Kimasai changu kilikuwa salamu na rangi za ng'ombe, na macho yalikuwa kwenye boksi. Niliona tu watu wamemgeukia, na Mama anatazama chini. Kisha akamwachia shemeji yake afungue. Ndege akatoka akirukaruka, akatapikia viatu vya katambuga vya baba mkubwa, akakimbia, akainuka. Akazunguka juu yetu hadi akawa nukta.

Nilikuwa sekondari Mama aliponitafsiria maneno yale. "Sumu ilikuwa yangu. Fisi walinimalizia ndama, nikatia sumu kwenye mzoga. Fisi akapita pembeni, nikaua ndege. Kisha ng'ombe wangu akaenda kuzalia porini. Nikatazama juu nijue alipo, hapakuwa na kitu. Nilimpata ameshaoza." Wafugaji wa kwetu hutafuta mnyama aliyepotea kwa kutazama tumbusi wanazunguka wapi. Yeye alikuwa amejizimia taa mwenyewe.

Nilimuuliza Mama alijua lini. Akasema tangu mnada wa kwanza, kwani mtu habebi kichwa cha mbuzi njia yote ile kwa ajili ya ndege wa wengine.

Ila siku ile, mimi niliona jambo moja tu. Nukta ilipopotea, baba mkubwa alikaa. Alikaa kwenye ukuta wa josho, akanyoosha miguu, akaweka fimbo chini.

"Shemeji," akasema, "ile chai bado ipo?"

Nikakimbilia chupa kwenye gari, nikifurahi kwamba leo hakuna lori linalomharakisha.