Maji ya Majivu

Daktari alisema potasiamu imezidi kwenye damu ya mama, nami nikamjibu haiwezekani. Nilimjibu kwa ukali, siwezi kukana. Kemia ndiyo inayonipa ugali. Nimeifundisha sekondari hapa Songea miaka mingi, na sikuona kwa nini nielezwe habari za potasiamu na kijana ambaye ningeweza kuwa nimemfundisha mimi.

"Mama anakula ndizi?"

"Hapana."

"Parachichi? Machungwa? Maharage?"

"Daktari, karatasi mliyotupa nimeibandika ukutani jikoni. Hali hata kimoja."

Figo za mama zilikuwa zimechoka, na presha juu yake, ndiyo maana nilimtoa Matogoro nikaja kukaa naye kwangu Lizaboni. Asubuhi ile alishindwa kuinuka kitandani. Miguu imelegea, moyo unapiga, unasita, unapiga tena. Daktari akanieleza taratibu kwamba figo zikishindwa kutoa potasiamu inajaa, na ikijaa sana moyo unasimama. Nikamwambia warudie kipimo. Wakarudia, ikawa ileile.

Jamani, nilichanganyikiwa. Nilirudi nyumbani nikapekua jiko langu mwenyewe kama mwizi, nikafungua makopo, nikasoma hadi pakiti ya majani ya chai. Sikuona kitu. Kesho yake wodini nikamgeukia mgonjwa.

"Mama, sema kweli. Nani anakuletea parachichi nikiwa kazini?"

Akacheka kwa shida. "We Mwalimu, hata hapa unanipa mtihani?"

Nilitoka pale nimekasirika, na sijui nilimkasirikia nani. Kipindi changu kilikuwa kidato cha pili, jedwali la elementi, safu ya kwanza kushoto. Somo hilo nalifundisha kila mwaka, hata nikiwa nusu usingizi litatoka. Nikawaambia kama ninavyowaambia wote: walio kwenye safu moja ni familia moja, na familia moja ina tabia moja. Lithiamu, sodiamu, potasiamu, wote ni laini, unawakata kwa kisu. Wote ukiwatia kwenye maji wanafanya vurugu, na kadiri unavyoshuka chini ndivyo hasira inavyozidi. Sodiamu inakimbia juu ya maji ikichemka. Potasiamu inawaka moto. Kisha nikaandika ubaoni zinakopatikana. Sodiamu: chumvi ya mezani. Potasiamu: majivu ya mimea.

Mkono uliandika wenyewe. Mimi nikabaki nimeshika chaki, nayatazama yale maneno mawili ya mwisho, na wanafunzi wakaanza kutazamana, wakidhani kuna mtu amenikosea.

Hospitali walipomkataza mama chumvi, alisusa. Alisema mboga isiyo na chumvi wapewe mbuzi. Siku ya tatu, nikiona anakonda, nikajifanya mjanja. "Mama, si kuna maji ya majivu? Hayo hayana chumvi, hayana shida." Kwetu nani asiyeyajua? Unachoma maganda ya maharage, majivu unayatia kwenye kopo lililotobolewa chini, unamimina maji, yanadondoka taratibu, rangi ya chai, makali kidogo kwenye ulimi. Ukipikia majani ya maboga yanalainika vizuri. Mama alifurahi mno. Mimi nilikuwa natoboa makopo, nachoma maganda, nazidisha kijiko ili apate ladha. Miezi!

Nilijua majivu yana nini. Nimewasahihishia watoto swali hilo mara ngapi! Lakini yale nilijua ya darasani na haya nilijua ya jikoni, na sikuwahi kuyakutanisha. Mpaka leo sielewi. Nilikimbia sodiamu ya chumvi nikamkabidhi mama kwa potasiamu, ndugu yake wa safu moja, aliye chini yake, mwenye hasira zaidi, na nikaona nimefanya la maana.

Niliacha kipindi, nikapanda bodaboda hadi hospitali. Daktari alinisikiliza, akaandika, akasema nimesaidia. Heri angenigombeza. Walimpa mama dawa, moyo ukatulia, na baada ya siku kadhaa tukaruhusiwa kurudi nyumbani.

Nilimwambia Jumapili, baada ya misa, amekaa kitandani na mito nyuma ya mgongo. Nilimwambia yote, bila kujitetea. "Mama, ni mimi niliyekuwa nakupa. Nisamehe. Nilikuwa nakuua huku nakuonea huruma."

Nilisubiri anikaripie. Yeye akavitazama viganja vyake.

"Bibi yako," alisema, "alivimba miguu hivihivi. Mkojo ukakata. Chakula chote kilimshinda, kasoro mboga za majivu. Nikawa nampikia mimi kila siku, nayakoleza ili apate hamu, mpaka siku ile alipoondoka." Akaniinulia macho. "Mwalimu, ni mimi?"

Safari hii hakuwa ananitania. Alitaka neno moja tu, hapana, na nilikuwa nalo mdomoni. Ningelisema angelala vizuri. Lakini bibi hakuwahi kupimwa damu, na mimi ndiye niliyesema kwa uhakika kuwa majivu hayana shida.

"Sijui, Mama," nikasema.

"Haya," akaitika, kisha akaomba nimfunike miguu.