Zamu ya Kumkaribisha Mama Beata

Marehemu Notburga, ambaye sisi tulimwita Mama Beata, alizaliwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Lituhi. Alipanda huku milimani akiwa msichana, na kapu la usipa kichwani. Enzi hizo wasichana wa ziwani walitembea siku mbili kuja kubadilisha dagaa wakavu kwa maharage. Hapa Namswea kulikuwa na kijana mmoja, Methodi, aliyetoa maharage kwa usipa mwingi kuliko aliokuwa anaweza kula, mpaka nyumbani kwao wakajua kuna jambo. Wakafunga ndoa kanisani, naye hakurudi tena ziwani ila kwa misiba.

Nawafahamu kwa sababu shamba letu liko chini ya shamba lao. Nilipokuwa na miaka tisa mama yangu alilazwa hospitali miezi mitatu, na baba alikuwa anamuuguza. Nililala kwa Methodi muda wote huo. Mama Beata hakunifanya nijione mgeni. Nikikosea alinigombeza, na mboga alinigawia sawa na mwanawe. Wachumaji kahawa waliotoka ziwani nao walilala kwake kila msimu, wengine hata bila kumjua.

Jirani yetu Norbert, ambaye sasa ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ya Kikristo, alizoea kumtania.

"Shemeji, ninyi Wanyasa mnakula samaki mpaka mgongoni mnaota magamba."

"Na ninyi Wamatengo mnalima miteremko mpaka mguu mmoja unakuwa mrefu. Hebu simama tambarare tukuone!"

Lakini yeye mwenyewe alilima miteremko hiyo vizuri kuliko wengi wetu. Mashimo yake ya ngoro, yale yanayozuia maji ya mteremko, yalikaa kwa mstari, na mvua haikuchukua udongo wake.

Methodi alifariki. Beata, mtoto wao wa pekee, alikuwa ameolewa Tunduru, anaishi kwa wakwe. Mama Beata akabaki peke yake katika nyumba ya matofali mabichi. Mwaka juzi, mwezi wa Aprili, mvua ilinyesha siku nne mfululizo, na ukuta wa nyuma ukaanguka asubuhi yeye akiwa kisimani. Mchana paa nalo likafuata. Alinusurika, lakini kitu cha kulalia hakikubaki.

Jumamosi hiyo jumuiya ilisali kwa Norbert. Somo lilikuwa lile la hukumu ya mwisho, la mgeni aliyekaribishwa na mgeni aliyeachwa nje. Norbert akafunga kitabu akasema, "Leo hatuna haja ya maelezo. Mgeni wetu yule pale, amekaa kwenye mkeka."

Tulikubaliana haraka. Sisi ni kaya kumi na nne. Kila kaya itamlaza wiki moja, na kila Jumamosi baada ya sala atahamia kwa anayefuata. Kiangazi kikifika tutafyatua matofali, tuyachome, na kabla ya mvua za Novemba tutamjengea chumba kimoja kwenye kiwanja chake, pale palipo tambarare. Ephrasia, katibu wetu, aliandika majina ya zamu kwenye karatasi. Watu walipiga makofi, na wengine walilia.

"Basi mimi sasa ni padre," Mama Beata akasema. "Nitakuwa nazungukia vigango. Muwe mnanichinjia kuku!"

Mzunguko wa kwanza alichinjiwa kweli. Kwangu mke wangu Hilda alimpisha chumba cha watoto. Asubuhi ulikuta ameshafagia uwanja, amewasha moto, na ukimkataza alisema mkono ukikaa bure unaoza.

Mwezi wa Julai tulifyatua matofali. Kalibu nilishika mimi, kwa sababu kazi hiyo naiweza na haihitaji maneno mengi. Agosti tukapanga tanuru na kulichoma. Matofali yaliiva mekundu, na yakigongana yanalia kama kengele. Mama Beata alikuja kuyaona yakiwa bado ya moto. Akanionyesha kwa fimbo kwenye kiwanja chake mlango utakaa wapi, na dirisha, na kitanda. Alitaka dirisha liangalie magharibi, ziwani, ingawa ziwa halionekani kutoka pale. Nikamwambia halionekani. Akasema, "Najua. Nitaliangalia hivyohivyo."

Septemba kigango chetu kikapata taarifa kwamba paroko atakuja mwezi wa Oktoba, mwezi wa rozari, na waamini wakataka akute groto, lile pango la kusalia, la Bikira Maria limekwisha. Kila jumuiya ikaombwa matofali. Jumuiya nyingine walikuwa nayo. Sisi tulikuwa na yale tu.

Tulikutana kwa Ephrasia. Mama Beata hakuwepo, alikuwa amekwenda shambani kwa waliokuwa wanamlaza.

"Tunaazima," Norbert akasema. "Groto likiisha tunafyatua mengine. Kwani udongo umekwisha Namswea?"

"Na jumuiya yetu tu ndiyo ikose?" mtu mmoja akauliza. "Tutaonekanaje?"

Mimi nilikaa karibu na mlango. Nilijua kwamba Oktoba kijito chetu kinakauka, na bila maji hakuna tofali. Nilijua pia kwamba tofali linataka wiki kadhaa kukauka kabla ya kuchomwa, na mvua zisingetusubiri. Wote walijua, lakini mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kalibu, na neno langu lingesikilizwa. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Nilisubiri mtu mwingine aanze. Norbert akauliza, "Kuna mwenye neno?" akanitazama kabisa mimi. Nikatazama chini. Akasema, "Basi tumeafikiana."

Jioni walikwenda kumwomba ruhusa mwenyewe, nami nikafuata nyuma. Aliwasikiliza, akakohoa kidogo, akasema, "Sasa mimi nimnyime Mama wa Mungu pa kukaa? Mpeni. Mimi nina nyumba kumi na nne." Wakacheka. Nami nilicheka.

Groto likajengwa, ni zuri, paroko akalibariki. Mengine hatukufyatua. Novemba mvua zikaanza na Mama Beata akaanza mzunguko wa tatu.

Lazima niseme ukweli kuhusu mizunguko hiyo. Hakuna aliyemfukuza wala kumnyima chakula. Lakini mtu ukimlaza wiki moja unasubiri Jumamosi. Chumba cha watoto watoto walikihitaji, kwa hiyo safari ya pili kwangu alilala stoo, penye magunia ya kahawa kavu. Nyumba nyingine alilala jikoni. Alikuwa anakohoa. Sisi tulidhani ni vumbi la kahawa. Jikoni kwa wengine walidhani ni moshi. Hilda alimchemshia tangawizi Jumatano, na Ijumaa akaona amepata nafuu, na Jumamosi akahama. Kaya iliyofuata nao wakachemsha tangawizi.

Wiki ya pili ya Desemba alianguka kwenye uwanja wa Ephrasia. Tulikodi gari mpaka hospitali, mimi, Norbert na Ephrasia. Daktari, kijana mpole, alimpima, kisha akatoka na kutuuliza pale kwenye benchi.

"Mama anakohoa tangu lini?"

"Tangu Jumatatu," Ephrasia akajibu.

Daktari akatikisa kichwa. "Hapana. Hiki si kifua cha tangu Jumatatu."

Norbert akasema polepole, "Alipokuwa kwangu pia alikohoa. Hiyo ni Novemba."

"Kwangu alikohoa Agosti, tulipochoma tanuru," nikasema.

Tukaanza kukumbushana, nyumba hii, nyumba ile, mpaka tukafika Julai. Kila mmoja wetu alikuwa amekisikia kikohozi hicho kwa wiki moja tu.

"Sasa anaishi na nani hasa?" daktari akauliza.

Aliandika kitu kwenye karatasi yake akarudi ndani. Mama Beata alifariki siku ya tatu, Alhamisi, saa nne asubuhi. Nilikuwa pembeni ya kitanda. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa swali. "Florian, Jumamosi ni kwa nani?" Nikamwambia ni kwangu. Haikuwa kweli, ilikuwa zamu ya wengine, lakini niliona afadhali aende akijua anakuja kwangu.

Tulimzika vizuri mno. Jumuiya zote zilikuja, na kwaya, na jeneza la mninga.

Beata alifika siku mbili baada ya mazishi, barabara ya Tunduru ilikuwa imeharibika. Alipomaliza kulia kaburini aliniita. "Shikamoo, Baba Henry." Henry ni mwanangu. Nikaitikia. Akasema anataka kuona mama yake alipokuwa analala, na achukue vitu vyake.

Nikampeleka nyumba kwa nyumba. Tulitumia mchana mzima. Huku alipewa khanga, kule sufuria, kwingine kandambili moja na nyingine haikuonekana. Kila nyumba walimpa kiti na kulia naye, na alipouliza alikuwa analala wapi walinyoosha mkono kuelekea jikoni. Mwisho tukafika kwangu. Hilda alimtolea shuka iliyofuliwa. Beata akachungulia stoo, akaona magunia.

"Kila nikipiga simu aliniambia anajengewa," akasema. "Aliniambia matofali yameshaiva."

"Yaliiva."

"Yako wapi?"

Nikamweleza yote, kikao, na swali la Norbert, na nilivyotazama chini. Sijawahi kuongea kirefu namna ile. Nilitegemea atanitukana, na nilikuwa tayari.

"Groto hilo nimepita mbele yake leo," akasema. "Nimepiga ishara ya msalaba." Akafunga vitu vyake kwenye shuka. Kisha akasema, "Nipeleke kwenye kiwanja."

Tulipanda. Mvua ilikuwa imekatika na majani yalikuwa yameanza kuota pale tulipokuwa tumesawazisha. Alisimama katikati, na furushi kifuani, akaniomba nimwonyeshe. Nikamwonyesha mlango ungekuwa wapi. Nikamwonyesha kitanda kingekaa upande gani, halafu dirisha.

"Mbona linaangalia kule, ambako hakuna kitu?" akauliza.

Nikamwambia.